Mlango wa Nchi Si Duka la Mtu

Tunaandika leo juu ya uwanja wa ndege wa Unguja, ule ambao wazee wetu waliuita Kisauni na ambao tangu mwaka 2010 umepewa jina la Mzee Abeid Amani Karume. Hatuandiki juu ya jengo. Jengo limekwisha kusifiwa na wale ambao kusifu ndiyo kazi yao, wala sisi hatuna husuda na vioo vyake. Tunaandika juu ya ardhi: juu ya zile hatua chache baina ya ngazi ya ndege na barabara kuu, na juu ya suala moja ambalo hatujapata kulisikia likijibiwa kwa maneno ya wazi. Hatua zile ni mali ya nani?

Asije mtu akadhani kuwa jambo hili ni dogo na kuwa sisi tumekosa la kusema. Mtu wa bara akiudhiwa na uwanja wa ndege hupanda basi, akavuka mpaka, akaenda zake. Sisi watu wa visiwani tuna milango miwili tu, bahari na hewa. Ukitoka Malindi, ushughulike na Kiembesamaki. Ukiikosa Kiembesamaki, rudi Malindi ukangojee boti. Basi anayeshika ufunguo wa mlango mmoja katika miwili amelishika jambo ambalo halikupasa kutolewa kwa faragha, wala kwa haraka, wala kwa karatasi ambayo raia hakuisoma.

Na mlango huu si mlango wa kuingia mbuzi. Hesabu za Serikali yenyewe zinasema kuwa wageni waliofika Zanzibar mwaka 2023 walikuwa 638,498, na mwaka 2024 wakawa 736,755. Chukua hesabu hii ya pili uigawe kwa siku za mwaka, utaona kuwa ni zaidi ya watu elfu mbili kila siku inayochomoza jua, na wengi wao huja kwa ndege. Tena hapo hatujawahesabu wenyeji: mgonjwa anayerejea kutoka Muhimbili, mwanafunzi anayekwenda chuoni, mfanyabiashara wa Chake Chake anayepita Unguja kwenda Dar es Salaam, na hujaji ambaye nusu ya mtaa humsindikiza na nusu nyengine humngojea arudi na maji ya Zamzam. Hawa nao ni abiria. Twasema hivyo kwa sababu yapo maofisi ambamo neno abiria limekwisha kuwa na maana ya mtu mweupe mwenye kaptura.

Tuanze nje, kisha tuingie ndani.

Mtu akitoka mlangoni na mzigo wake, mbele yake pana usafiri wa namna tatu. Namna ya kwanza ni gari za mahoteli na za makampuni ya utalii, zenye vipoza hewa na jina la mgeni limeandikwa juu ya kibao. Mgeni huyo alikwisha kulipa kwao, na gari humchukua moja kwa moja mpaka Nungwi au Kiwengwa, bila ya unyayo wake kukanyaga mjini na bila ya shilingi yake kuonja duka la mtu. Hatuna neno na gari hizo. Mwenye kukodi na apande. Namna ya pili ni teksi. Namna ya tatu ni daladala nambari 505, ambayo kila mtoto wa mjini anaijua.

Teksi za Unguja hazina mita. Bei yake ni mapatano, na mapatano hayo hufanywa na watu wawili wasiolingana: mmoja anajua masafa, anajua saa na anajua kuwa basi limekwisha kuondoka, na wa pili amechoka, ana watoto wawili na masanduku matatu, na pengine lugha hana. Katika hali hiyo bei haitoki katika umbali wa njia. Hutoka katika viatu vya msafiri. Mgeni hutajiwa dola. Mwenyeji hutajiwa shilingi, lakini naye akiwa amevaa vizuri huanza kupanda daraja. Kutoka uwanjani mpaka mjini ni maili tatu au nne tu, na kwa masafa hayo mafupi mtu huweza kutozwa zaidi ya mara ishirini ya nauli ya daladala.

Wako wanaopenda kumlaumu dereva, na magazeti ya wakubwa hayaishi kuandika juu ya tabia mbaya za madereva na za papasi. Sisi hatutaingia katika kwaya hiyo. Dereva hukaa saa nyingi akingojea zamu. Siku nyengine hupata safari moja, na siku nyengine hapati. Petroli haimngojei, wala mwenye gari haimpungukii hamu ya hesabu yake ya jioni. Bei isiyoandikwa popote humfundisha kila mtu kudanganya: humfundisha dereva kupandisha na humfundisha abiria kukataa hata bei ya haki. Papasi naye hakushuka kutoka mbinguni. Amezaliwa na pengo baina ya mtu asiyejua na mtu anayejua, na pengo hilo limewachwa wazi na wale wenye mamlaka ya kulifunga kwa kibao kimoja cha mbao na kopo moja la rangi. Kibao kiseme: Mjini ni kiasi hiki, Bububu kiasi hiki, Makunduchi kiasi hiki, Nungwi kiasi hiki, mchana na usiku. Ni kazi ya fundi mmoja, asubuhi moja.

Ama daladala, hiyo ndiyo gari ya wananchi, nasi twaisema kwa heshima. Lakini daladala haikuundwa kwa ajili ya masanduku. Mwenye begi la kilo ishirini na tatu, ndizo kilo ambazo shirika la ndege limemruhusu, huingia humo akaonekana adui wa umma. Huliweka juu ya magoti yake na ya jirani yake, na utingo humtoza nafasi ya mtu wa pili. Tena daladala si chombo cha usiku wa manane, na ndege hazikuapa kutua mchana. Anayefika baada ya daladala kulala hana khiari: atalipa teksi kwa bei atakayoambiwa, au atamsumbua nduguye mwenye gari, au ataketi juu ya mzigo wake mpaka adhana ya alfajiri.

Hapa ndipo tunapowauliza wakubwa wetu: ni jambo gani lililo zito katika kuweka basi moja la umma, lenye pahala pa mizigo, linaloondoka mbele ya mlango wa uwanja kila nusu saa, kuanzia saa kumi na moja ya alfajiri mpaka saa sita ya usiku? Hizo ni safari zisizofika arubaini kwenda na nyengine kama hizo kurudi. Kwa masafa ya maili nne, mabasi mawili yanatosha, na la tatu likae pembeni kwa siku ya kuharibika. Hatuombi treni.

Na tukitaja treni, kumbukeni kuwa nchi hii ilikuwa nayo. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilikuwa imekwisha kutandika reli kutoka mjini mpaka Bububu, maili saba, na raia wakipanda kwa senti. Serikali iliinunua mwaka 1911, na baadaye ikaiacha ife. Miaka mia moja na zaidi iliyopita mtu wa Bububu aliweza kuingia mjini kwa chombo chenye saa zinazojulikana na nauli inayojulikana. Leo mtu anaweza kutoka Doha mpaka Unguja akijua dakika ya kufika kwake, na asijue atalipa nini kwa maili nne za mwisho.

Watatwambia kuwa visiwa vina dhiki zake na kuwa tusijilinganishe na miji mikubwa. Vyema, tusijilinganishe na London. Tujilinganishe na visiwa. Malta ni kisiwa kidogo kuliko Unguja, nao wana mabasi ya umma yenye herufi X yanayouzunguka nchi kutoka mlangoni pa uwanja wao wa ndege. Shelisheli, jirani zetu wa bahari hii hii, walifunguliwa uwanja wao na Malkia wa Kiingereza mwaka 1972, na mabasi ya shirika la umma hupita mbele yake, mwenyeji na mgeni wakapanda pamoja kwa nauli moja. Na tukitoka visiwani, Nairobi ina matatu nambari 34 iendayo uwanjani, na Dar es Salaam njia ya mabasi ya mwendo kasi imepitishwa katika Barabara ya Nyerere, ambayo ndiyo barabara ya uwanja. Hakuna hata mmoja katika hawa aliyegundua kitu kigeni. Wamefahamu tu kuwa uwanja wa ndege usio na basi ni nusu ya uwanja.

Wala wasituambie kuwa fedha hakuna. Mgeni anayeingia Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024 analazimishwa kununua bima ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, hata akiwa na bima yake ya kwao mfukoni. Hotelini analipa kodi ya miundombinu kwa kila usiku anaolala, na ndani ya tiketi yake mna malipo ya uwanja na ya usalama. Sisi hatusemi kuwa bima ni kodi. Wenyewe wamesema ni bima, na tunawaachia jina lao. Tunasema tu kuwa mtu aliyetolewa fedha mara nne kabla ya kuoga hapaswi kukuta nje ya mlango kiza na mabishano ya bei. Kodi iliyoitwa ya miundombinu, kama haikuweza kuzaa basi, basi na iitwe kwa jina jengine.

Sasa tuingie ndani, maana ndani ndiko kwenye khabari nzito.

Msomaji wetu wa shamba pengine hajui nini maana ya huduma za ardhini, na si kosa lake; wanaozijua hawapendi kueleza. Ndege inapotua, rubani na wahudumu wake kazi yao imekwisha. Anatakiwa mtu wa kuzuia magurudumu, mtu wa kusogeza ngazi, mtu wa kufungua tumbo la ndege na kushusha mizigo, gari za kuivuta, kiti cha magurudumu kwa mgonjwa, mfagiaji, mtu wa maji na wa choo, mpimaji wa mizigo inayopakiwa ili ndege isielemee upande, na karani wa kuketi mezani kupokea tiketi. Zote hizi ni kazi za mikono na za akili, zinazoweza kufanywa na vijana wetu, na kwa miaka mingi zilifanywa hapa Unguja na makampuni zaidi ya moja ambamo vijana wetu walijifunza kazi. Shirika la ndege huilipa kampuni ya huduma. Kisha shirika hilo huyaingiza malipo yale katika bei ya tiketi. Kwa hiyo mwenye kulipa, mwisho wa mambo, ni yule aliyekaa kiti cha ishirini na mbili akimpakata mwanawe.

Mwezi wa Septemba 2022 Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Zanzibar ilitoa agizo kuwa katika jengo jipya la tatu kazi hizi zote zitafanywa na kampuni moja peke yake, nayo ni dnata ya Dubai, tawi la kundi la Emirates. Mashirika ya ndege yaliyokuwa na mikataba yao na makampuni mengine yaliambiwa yahamie huko. Kampuni zilizokuwapo kabla, zenye mashine zao na wafanyakazi wao, zikajikuta nje ya jengo ambalo deni lake limo katika vitabu vya nchi yao wenyewe.

Hatutaitukana kampuni ya Dubai. Ni kampuni ya tangu mwaka 1959, inaijua kazi yake, na imekuja kutafuta faida kama yeyote afanyaye biashara. Mtu akipewa shamba zima bila ya jirani, atalikataa? Maneno yetu ni kwa waliotoa. Jengo lile lilianza kujengwa mwaka 2011 kwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, likakwama, likaendelea, likachukua muongo mzima mpaka kufunguliwa. Mkopo huo haulipwi na Dubai. Unalipwa na mchuma karafuu wa Mtambile na mvuvi wa Kizimkazi, na mama mwani wa Paje, ambaye wengi wao hawajapanda ndege na pengine hawatapanda. Basi kama raia ndiye mwenye deni, kwa nini mkataba wa kuitumia nyumba ufungwe kama barua ya mapenzi?

Wenye kulitetea jambo hili wana hoja tatu, nasi tutazitaja kwa insafu, maana hoja isiyotajwa haijibiwi.

Ya kwanza wanasema kuwa kampuni moja kubwa huleta ubora. Huenda ikawa kweli kwa mwaka wa kwanza. Lakini ubora wa mtu asiye na mshindani ni sadaka, na sadaka hutolewa siku mtoaji anapotaka. Shirika la ndege lisiporidhika na kuchelewa kwa mizigo litakwenda kwa nani? Haliwezi kuhama jengo. Litavumilia, au litaacha kuja. Na likiacha kuja, hasara si ya kampuni peke yake.

Ya pili wanasema kuwa uwanja wetu ni mdogo, na magari ya makampuni mengi yatagongana. Hoja hii ina uzito, nasi hatutaipiga teke. Kweli, pahala padogo hapachukui makampuni kumi. Lakini kutoka kumi mpaka moja kuna hesabu nyingi katikati, na ya kwanza katika hizo ni mbili. Jumuiya ya Ulaya ilikabili jambo hili hili, ikapitisha sheria mwaka 1996, nambari 96/67. Sheria hiyo inakubali kuwa nchi inaweza kuweka ukomo wa makampuni ya kushika mizigo na kuhudumia ndege kwenye viwanja vyenye abiria milioni mbili kwa mwaka au zaidi, lakini ukomo huo usipungue makampuni mawili, na moja kati ya hayo lisiwe chini ya mkono wa mwenye uwanja wala wa shirika la ndege linalobeba zaidi ya asilimia ishirini na tano ya abiria au mizigo ya pale. Soma tena sharti la mwisho, ndugu msomaji, kisha ukumbuke kuwa mtoa huduma wetu ni wa ukoo mmoja na shirika la ndege. Atakayesema kuwa uwanja wetu haujafika kulinganishwa na vile vya Ulaya, na aseme. Lakini asitwambie hapo hapo, siku ya kukata utepe, kuwa tumefika daraja ya kimataifa.

Ya tatu wanasema kuwa hata Dar es Salaam ilikuwa na kampuni moja. Ni kweli ilikuwa nayo, DAHACO, ambayo baadaye ikawa Swissport Tanzania, na kwa miaka mingi haikuwa na mwenziwe. Lakini wanasahau kumaliza hadithi. Mwaka 2003 hisa za kampuni ile ziliuzwa katika soko la hisa la Dar es Salaam, hata mwalimu wa skuli akaweza kununua kipande, na hesabu zake zikawa lazima zichapishwe kila mwaka. Baadaye likaletwa shindano. Sisi tumeiga mwanzo wa hadithi, tukauacha mwisho wake.

Nchi hii si ngeni wa ukiritimba, na hilo ndilo linalotuudhi: kuwa watu wenye kumbukumbu ya mambo haya wanafanywa kama watoto. Mwaka 1937 Serikali ya kikoloni iliipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu haki ya peke yake ya kusafirisha karafuu nje. Wahindi wa huku walikataa, na India ikasusia karafuu zetu, bandari ikapwaya, na mwaka 1938 Serikali ikalazimika kukaa na wafanyabiashara na kupatana. Na mwezi wa Agosti 1948 wachukuzi wa bandarini, waliokuwa wakiitumikia kampuni ya African Wharfage, waliweka chini kazi kwa sababu ya ujira mdogo na ughali wa maisha. Mgomo ukatoka bandarini ukaenea mji mzima, mpaka wapishi na madobi wakaingia. Kwa nini cheche ya bandarini iliwaka kwa upesi ule? Kwa sababu kampuni moja ilipokuwa imeshika mlango wa bahari, hamali aliyegombana nayo hakuwa na bwana mwengine wa kumwendea. Ugomvi wa ujira ukawa ugomvi wa mji.

Tunaliandika hili kwa makusudi. Mfanyakazi wa uwanjani wa leo, kijana aliyesomea kazi ya mizigo na mizani ya ndege, akifukuzwa na kampuni iliyo peke yake, cheti chake kitakuwa na thamani gani Unguja nzima? Ujuzi wake hauuziki Darajani. Atavuka maji akautafutie bara, au ataendesha teksi, akaingie katika lile kundi tulilolisema la kungojea zamu. Na siku kampuni ile itakapotaka kupunguza ujira, itamwambia nini isipokuwa: Mlango ni ule? Makampuni mawili yakiwapo, kijana yule ana pa kwenda, na bwana wake anajua kuwa anapo. Adabu ya waajiri mara nyingi haina asili nyengine zaidi ya hiyo.

Iko pia khabari ya wachukuzi. Malindi, pamoja na vurugu zake zote, hamali mwenye rikwama bado anapata riziki, na mama mwenye magunia hupata mtu wa kumsaidia. Viwanja vya ndege vya mtindo mpya havimpendi hamali. Vinapenda vigari vya chuma ambavyo abiria husukuma mwenyewe. Ni sawa kwa kijana. Lakini bibi wa miaka sabini aliyetoka kupasuliwa jicho hasukumi kigari. Wachukuzi wapewe vitambulisho, fulana na bei iliyoandikwa, waandikishwe kwa majina, waruhusiwe kufika mpaka pale sheria ya usalama inapoishia. Hapo uwanja utakuwa na utaratibu, na watu wengi watakuwa wamepata kula.

Na Pemba? Tukiuliza juu ya Unguja hujibiwa kwa maneno mengi. Tukiuliza juu ya Pemba hujibiwa kwa neno moja: karibu. Uwanja wa Pemba upo nje ya mji wa Chake Chake, na Mpemba aliyepanga safari ya mbali mara nyingi hulazimika kwanza kufika Unguja, hapo alale kwa jamaa au alipe nyumba ya kulala, kisha aende Kiembesamaki kwa usafiri tuliokwisha kuueleza. Kila upungufu wa uwanja wa Unguja yeye huulipa mara mbili, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Uwanja mpya wa Pemba umetajwa sana miaka hii, nasi twauombea heri. Lakini twaonya mapema: makosa ya Kiembesamaki yasisafirishwe huko pamoja na saruji. Basi la kwenda Wete na Mkoani lipangwe pamoja na uwanja, katika karatasi ile ile, wala lisingojee abiria walalamike.

Basi tunachokitaka kinajulikana, na hakihitaji tume. Mkataba wa huduma za ardhini upelekwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na usomwe: ni wa miaka mingapi, Serikali inapata kiasi gani kwa kila ndege, nani anapanga bei, na vipi unaweza kuvunjwa. Kampuni ya pili iitwe kwa zabuni ya wazi, yenye tarehe na masharti yaliyotangazwa magazetini, na kampuni za wenyeji zisizuiwe kuomba. Bei za teksi ziandikwe kwenye kibao, kwa Kiswahili juu na Kiingereza chini, kwa shilingi. Basi la umma liwekwe. Wachukuzi waandikishwe. Na pawepo kivuli na mabenchi nje kwa ajili ya wasindikizaji, kwani sisi ni watu wa kusindikizana, na uwanja uliojengwa kwa ajili ya watu wanaoondoka peke yao haukujengwa kwa ajili yetu.

Katika haya, kibao cha bei hakidai fedha wala sheria mpya. Kinaweza kusimama kabla ya Ijumaa. Tutakwenda kukitazama Ijumaa hiyo baada ya sala, na tutaandika katika ukurasa huu tulichokikuta. Mamlaka ikiwa na jawabu juu ya mkataba, nafasi yake ipo hapa hapa, na tutaichapisha nzima bila ya kupunguza herufi.